Mgonjwa wa mpakani ni wa nani? Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Waheshimiwa Mawaziri,

Tarehe 31 Julai 2024 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini humo. Aligunduliwa mpakani Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Naomba muiangalie safari hiyo kwenye ramani. Mtu huyu ametoka nchi ya kwanza, amegundulika katika nchi ya pili, na ili afike ya nne ilimbidi apite ya tatu, yaani Tanzania. Hesabu za dunia zilimwandika kuwa ni mgonjwa wa Kenya, na kwa kanuni za kuhesabu hapakuwa na kosa. Lakini afisa afya wa Kampala, wa Moshi na wa Kigali, kila mmoja alikuwa na swali lake juu ya mtu huyo huyo: alilala wapi, alikula na nani, na vipele vilianza kumtoka akiwa upande gani wa mpaka. Majibu yalipaswa kuwafikia wote watatu siku ile ile.

Nimefanya kazi ya takwimu za afya kwa muda mrefu, wilayani na mipakani, na nawaandikia kwa heshima kuomba jambo moja. Kubalianeni sasa, wakati hakuna taharuki, juu ya maswali machache ambayo kila nchi ya Jumuiya itayajibu kwa namna moja kuhusu kila mgonjwa wa ugonjwa wa mlipuko. Yaliyobaki yaacheni yabadilike kadiri ugonjwa unavyobadilika, na mamlaka ya kuyabadilisha wapeni maafisa walio karibu na mgonjwa.

Mnakumbuka jinsi mwaka 2020 ulivyotukuta. Majibu ya kipimo cha UVIKO-19 yaliyotolewa upande mmoja wa mpaka hayakukubalika upande wa pili, na foleni ya malori Malaba ikafika makumi ya kilomita. Madereva walilala chini ya matela yao siku baada ya siku, wakila pamoja na kuoga pamoja, wakisubiri majibu ya ugonjwa unaoenezwa na kukaa pamoja. Mwezi Mei mwaka huo Uganda iliamua kwamba madereva wa kigeni watakaokutwa na virusi watarudishwa makwao na wasiingizwe kwenye hesabu yake. Wakati huo huo Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu zake tangu tarehe 29 Aprili, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na zaidi ya mwaka ulipita kabla ya takwimu kuanza kutolewa tena. Sirudii haya ili kufukua makaburi. Nayarudia kwa sababu dereva Mtanzania aliyepimwa Uganda katika majuma yale aliweza kuwa na virusi mwilini, na karatasi ya maabara mkononi, na bado asiwe mgonjwa wa nchi yoyote. Upande mmoja amefutwa, upande wa pili hakuna anayehesabu. Waliokutana naye barabarani, kwenye mahoteli ya njiani na kwenye nyumba za kulala wageni, nani angewatafuta?

Jumuiya haikukaa kimya. Mwaka huo huo Sekretarieti ilisimamia mfumo wa simu wa kufuatilia madereva na mizigo, ili cheti cha kipimo kilichotolewa nchi moja kisomwe na afisa wa nchi nyingine. Ilikuwa kazi nzuri, iliyofanywa katikati ya moto, na waliojenga mfumo ule wanastahili shukrani zetu. Ila ulijengwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja na kundi moja la wasafiri. Mchuuzi wa samaki, mama anayekwenda kliniki ng'ambo ya mto kwa sababu ndiko karibu, mwanafunzi, mkimbizi, wote hao hawana lori wala hawakuwamo.

Ningependa mje siku ya gulio kwenye zahanati yoyote ya wilaya ya mpakani nchini Tanzania, mkae kwenye benchi karibu na meza ya muuguzi. Mbele yake kipo kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa Tanzania wa taarifa za afya, kile cha wagonjwa wa nje, ambacho kikifunguliwa kinakaribia kuijaza meza. Anauliza jina, umri, mahali mgonjwa anapoishi. Anaandika kwa kalamu. Anampima, anarudi kuandika ugonjwa na dawa aliyotoa. Mjamzito ana kitabu chake, mtoto wa kliniki ana chake, mzazi wa jana usiku ana chake. Wiki ikiisha anatuma kwa simu idadi ya wagonjwa wa kipindupindu, surua, kuhara damu na mengineyo. Mwezi ukiisha anavifungua vitabu vyote upya, anahesabu vijistari kwenye karatasi ya kujumlishia, halafu anapeleka fomu kwa mratibu wa wilaya. Ukija mradi, unakuja na rejesta yake na kishikwambi chake, navyo vinasubiri zamu yao pale mezani. Nimemwona muuguzi akiandika habari za mgonjwa mmoja mahali panne kabla hajanyanyuka kumpa dawa, huku foleni imefika nje chini ya mwembe.

Na katika maandishi yote hayo hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu huyu juzi alikuwa nchi nyingine.

Swali hilo halihitaji kompyuta. Machi 2023, mlipuko wa Marburg ulipotokea Bukoba Vijijini, ukaua watu 6 kati ya wagonjwa 9, ilibainika kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, katikati ya Ziwa Victoria. Kama tungeishia kwenye safu ya makazi, ingeandikwa kijiji cha nyumbani, na kisiwa kisingeonekana kabisa. Virusi vya Marburg na vya Ebola huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kuanza. Siku 21 kwa mvuvi ni mialo mitatu au minne, pengine katika nchi mbili. Anayemuuliza mgonjwa kama huyo anaishi wapi bila kumuuliza siku hizo amezilala wapi, amekusanya jina la kijiji na kuuacha ugonjwa wenyewe.

Mfano mwingine ni wa Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kisicho na barabara ya maana. Mei 2015 Warundi waliokimbia machafuko walimiminika pale kwa maelfu, kipindupindu kikazuka, na kabla mwezi haujaisha waliougua walikuwa wamefikia takriban 3,000. Meli ya MV Liemba iliwasafirisha hadi Kigoma mjini, nao wakaendelea hadi kambi ya Nyarugusu. Zahanati ya kijiji ilikuwa na vitabu vya kuhesabia wanakijiji. Katika juma moja waliohitaji kuhesabiwa wakawa wageni, wengi kuliko wenyeji, wasio na kijiji cha kuandika, na ambao kesho yake wangekuwa kwenye meli. Fomu iliyochapwa Dodoma au Dar es Salaam mwaka uliotangulia ingewezaje kulijua hilo? Isingeweza, na wala tusiilaumu. Kinachotakiwa ni mtu wa pale pale kuwa na idhini ya kuongeza safu ya “ametokea wapi, anapelekwa wapi”, na safu hiyo ieleweke Bujumbura siku hiyo hiyo.

Kuhusu kompyuta sitasema mengi, kwa sababu tatizo letu kubwa haliko huko. Wizara za nchi zetu nyingi, kuanzia Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hadi Burundi na Kongo, zinatumia programu moja ya takwimu za afya, DHIS2, iliyoanzia Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka na ambayo leo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Vijana wanaoijua hadi uvunguni wapo Dar es Salaam, Kampala na Nairobi. Januari 2020 wataalamu wa Sri Lanka waliichukua programu hiyo hiyo, ambayo tayari ilikuwa ikitumika nchini mwao, wakatengeneza kwa haraka sehemu ya kuandikisha wasafiri wanaoingia kutoka maeneo yenye virusi vipya. Kazi yao ikagawiwa bure, nchi nyingi zikaichukua, Uganda ikiwamo, na hata manispaa za Norway. Waliweza kwa sababu walipewa ruhusa ya kubadilisha chombo walichokuwa nacho bila kusubiri zabuni.

Upande wa pili wa mambo tuliuona Uingereza, nchi tajiri kuliko zetu zote. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipokelewa kwenye faili la jedwali la aina ya zamani, lenye mistari 65,536 basi. Mistari ilipojaa, walioletwa baadaye wakadondoka kimya kimya. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kupigiwa simu. Fedha zilikuwapo, maabara zilikuwapo, na bado chombo kisichoweza kunyumbuka kiliwaangusha.

Sasa niseme wazi ninachoomba kisibadilike. Umri kwa miaka, usiandikwe kwa makundi ambayo kila nchi inajigawia kivyake. Jinsia. Tarehe dalili zilipoanza, ambayo ni muhimu kuliko tarehe ya kufika kituoni ingawa fomu nyingi huipa nafasi ya pili. Mahali alipogunduliwa, anapoishi, na alipolala siku 21 zilizopita. Kama ni mshukiwa au amethibitishwa na maabara. Yuko hai au amefariki. Na namba ya kumtambulisha isiyokuwa jina lake. Haya yanaenea kwenye nusu ukurasa, muuguzi anaweza kuyauliza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza akiwa amevaa glavu, na jibu lake likasomeka Juba kama linavyosomeka Mogadishu.

Yanaonekana madogo, lakini ndipo tunapokwama. Chukueni majina ya mahali tu. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Namanga mbili, Malaba mbili, Rusumo mbili, na zote ziko ana kwa ana. Taarifa inayosema “mgonjwa wa Busia” imesema nini? Au chukueni neno mshukiwa. Katika mlipuko wa mpox, Kongo ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya washukiwa ambao sampuli zao hazikupimwa, kwa sababu maabara ziko mbali na njia ni mbovu. Ukiweka idadi ya washukiwa wa Kivu Kusini kwenye jedwali moja na idadi ya waliothibitishwa wa Kigali, umezidanganya nchi zote mbili. Hata ndani ya Tanzania, Bara na Zanzibar zina wizara mbili za afya, na kila moja ina mfumo wake. Makubaliano ninayoyaomba yanapaswa kuvuka bahari pia.

Kila kanga ina pindo, mji na jina. Mchapaji hubadilisha maua na maneno apendavyo kila toleo, lakini hakuna anayeleta sokoni kanga isiyo na pindo. Maswali yale machache yawe pindo letu. Ndani yake, ukija ugonjwa wa kupumua tuongeze maswali ya kupumua. Ukija wa kuharisha tuulize maji ya kunywa yalichotwa wapi. Ukiwa wa vipele tuulize vilipoanzia. Na ugonjwa ukiisha, maswali yake yaondolewe. Hili la mwisho husahaulika kila mara. Vitabu vyetu vimejaa safu za miradi iliyokwisha zamani, ambazo bado kuna muuguzi anazijaza kwa hofu ya ukaguzi.

Linabaki suala la ruhusa, na hapa, Waheshimiwa, ndipo mkono wenu unapohitajika kuliko mahali pengine. Juni 2019, Ebola ikiwa imeshika Kivu Kaskazini, familia moja iliyokuwa imevuka kwenda Kongo kuuguza na kuzika mzee wao ilirudi Uganda ikiwa na mtoto mgonjwa wa miaka 5. Maafisa wa Kongo walikuwa wameshaigundua familia hiyo upande wao, na sehemu yake ilipoondoka na kuvuka mpaka waliwaarifu wenzao wa Uganda. Tarehe 11 Juni Uganda ilithibitisha Ebola kwa mtoto yule. Watatu wa familia ile walipoteza maisha, lakini wilayani Kasese ugonjwa haukwenda mbali, kwa sababu wenzao wa ng'ambo walisema mapema, na Uganda ilikuwa imejiandaa kwa miezi mingi, pamoja na kuwachanja watumishi wake wa afya.

Nimejiuliza mara nyingi: mipaka mingapi ya Jumuiya ina maafisa wenye ruhusa ya kufanya vile bila kuogopa barua ya kujieleza? Mazoea ya serikali zetu ni kwamba habari ya mgonjwa hupanda kutoka zahanati hadi wilaya, mkoa, wizara, kisha huvuka kwenda wizara ya pili, halafu hushuka ngazi zile zile hadi kwenye zahanati iliyoko hatua chache kutoka pale ilipoanzia. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi ilitaarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio zito. Ni takwa jema. Lakini muuguzi wa Rusumo ya Tanzania na mwenzake wa Rusumo ya Rwanda hawapaswi kuzungumza kwa kupitia Geneva. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya tayari inazibana nchi zetu kushirikiana katika kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Toeni waraka mmoja unaomruhusu mganga mkuu wa wilaya ya mpakani kumpa taarifa mwenzake wa ng'ambo, papo hapo, na kuiarifu wizara yake kwa wakati ule ule badala ya kuiomba idhini kwanza.

Najua hofu iliyopo. Nchi inayotangaza mgonjwa hupoteza watalii, wakulima wake hukataliwa mazao, wasafiri wake hutazamwa vibaya kwenye viwanja vya ndege. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, ikawa inatoa takwimu zake hadharani siku baada ya siku, na hata hivyo ikawekewa tahadhari za usafiri. Ilihesabu wagonjwa 66 na vifo 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa watumishi wa afya, na kufikia tarehe 20 Desemba mlipuko ulikuwa umetangazwa kwisha. Nchi inayosema ukweli mapema inastahili kulindwa na majirani zake kwa maandishi: mpaka usifungwe, mzigo usirudishwe, bila ushahidi unaojadiliwa na wote. Bila ahadi hiyo msimshangae waziri mwenzenu akichelewa kusema.

Juu ya siri za wagonjwa mna sheria tayari. Kenya na Uganda walitunga zao za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Jina la mgonjwa libaki wilayani kwake. Kinachovuka mpaka ni namba, umri, tarehe na mahali. Pale inapobidi jina lijulikane ili jamaa zake watafutwe, litoke mdomoni kwa daktari hadi sikioni kwa daktari mwenzake, wala lisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Tumeshaona picha za wagonjwa na karatasi za majibu yao zikizagaa mitandaoni, na aliyeona hivyo safari ijayo hukimbilia kwa mganga wa kienyeji akajifiche huko.

Na fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watunza takwimu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walirudi nyumbani. Vishikwambi vilibaki, bando likakatika. Mwezi huo huo Marburg ilitangazwa tena Kagera, safari hii Biharamulo, na Ebola ikatangazwa Kampala. Kazi ya kuhesabu wagonjwa haiwezi kuendelea kutegemea mkataba wa mtu wa mbali. Mshahara wa mtunza takwimu wa wilaya ya mpakani, umeme wa jua wa zahanati yake na salio la simu yake viingie kwenye bajeti zenu wenyewe, hata kama mtaanza na vituo vichache. Kama mna kitu kimoja tu cha kuanza nacho, toeni salio. Wauguzi wengi hutuma ripoti za wiki kwa pesa zao za mfukoni, na hakuna anayewarudishia.

Wala hawarudishiwi taarifa wanazotuma. Muuguzi anapeleka idadi za wiki mwaka mzima bila kuambiwa zimeonyesha nini. Ujumbe mmoja wa simu kila Jumatatu, ukisema surua imeonekana wapi na kipindupindu kiko umbali gani, kwenye pande zote mbili za mpaka, ungempa sababu ya kuandika kwa makini kuliko semina yoyote. Hiyo ni kazi ambayo kompyuta tulizonazo zinaimudu leo.

Juni 2019 Jumuiya iliendesha zoezi kubwa la mlipuko wa kuigiza pale Namanga, Kenya na Tanzania zikishiriki. Naomba lifanyike jingine, dogo na la gharama nafuu, kwa nusu ukurasa ule niliouelezea: Taveta na Holili, Rusumo zote mbili, Kagunga na vijiji vya Burundi vinavyopakana nayo. Lidumu miezi mitatu, kwa wagonjwa halisi wa kuhara na homa wanaokuja kila siku, bila mlipuko wowote, tuone habari inachukua saa ngapi kuvuka.

Kisha matokeo yaletwe mbele yenu na walioyakusanya. Muuguzi wa Kagunga na afisa afya wa Taveta wakae mezani pamoja nanyi Arusha, wawaeleze ni swali lipi halikujibika na kwa nini. Nauli na posho zao ziandikwe kwenye bajeti ya kikao kama za wajumbe wengine.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mtunza takwimu za afya